Tuzo ya Binti Yetu na Kikohozi cha Pumba

Kwa miaka miwili na kitu niliamini kwamba chuo kikuu hakimpi mwanafunzi tuzo mpaka mzazi wake apande jukwaani na kuhutubia kwa Kiingereza bila kukohoa. Akikohoa mara moja, anasamehewa. Akikohoa mara ya pili, tuzo inahamia kwa mwanafunzi anayefuata, ambaye mzazi wake amekaa pembeni tangu asubuhi anakunywa maji ya uvuguvugu akisubiri bahati yake. Na wala sikuamini kwa mashaka mashaka. Niliamini kama ninavyoamini kwamba mpunga mbichi ukiuingiza mashineni unatoka chenga.

Habari hii niliipata kwa rafiki yangu mwenye duka kule Mlabani. Babu yake alikuja Ifakara kutoka pwani na mzigo wa vitambaa na mzigo wa maneno. Vitambaa vilikwisha zamani. Rafiki yangu alinieleza kwamba mpwa wake alihudhuria sherehe moja ya chuo, akamwona kwa macho yake mwanamume wa Mahenge, kifua kama mlango wa ghala, akapanda jukwaani, akatoa salamu, akakohoa. Akasema neno moja, akakohoa tena. Mtoto wake akarudi mikono mitupu, na mtoto mwenyewe alikuwa na akili za kusoma kitabu kikiwa kimefungwa. Leo nikimkumbusha rafiki yangu maneno hayo, ananijibu kwamba yeye alisema inasemekana. Hakusema inasemekana. Alipiga meza.

Najua utauliza mtu mzima anawezaje kumeza kitu kama hicho. Lakini fikiria mahafali tunayoyafahamu sisi. Hapa kwetu hakuna mahafali bila neno la mzazi. Risala itasomwa, mgeni rasmi atasema, halafu lazima anyanyuliwe mzazi mmoja atoe neno, na akiboronga, mtoto wake atataniwa mpaka apate wajukuu. Kama darasa la saba wanamsimamisha mzazi, chuo kikuu chenye majoho kitamwachaje?

Shida haikuwa Kiingereza peke yake, ingawa chenyewe kilikuwa shida ya kutosha, maana nilikuwa nimeishia darasa la saba na salamu mbili. Shida kubwa ilikuwa kifua. Mimi naendesha mashine ya kukoboa mpunga mtaa wa Viwanja Sitini. Vumbi la pumba liliingia kifuani mwangu nikiwa kijana, likaona pazuri, likajenga. Kikohozi changu kinafahamika bonde zima. Kuna akina mama wanaoapa kwamba wakikisikia wakiwa Kivukoni, kule mtoni, wanajua mashine imefunguliwa, wanajitwika mpunga wanakuja. Kabla daraja halijajengwa, nilikuwa nikikohoa asubuhi mitumbwi inayumba. Hapo nimeongeza chumvi, lakini si nyingi.

Sasa binti yetu wa kwanza alikuwa chuo kikuu, mbali, anasoma sanaa na mawasiliano: mambo ya redio, uandishi, maigizo. Mwaka wa kwanza unakaribia kwisha akatupigia simu anacheka. Mhadhiri wake alikuwa amemwambia kwamba akiendelea hivyohivyo, mwaka wa mwisho anaweza kuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa shahada ya kwanza watakaotunukiwa tuzo mbele ya watu. Mke wangu akapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakahama. Mimi nikakohoa.

Nilimweleza mke wangu habari yote ya Mlabani. Akanitazama, akaniambia si nimpigie mtoto nimuulize. Nikamwambia haiwezekani. Mtoto akijua kwamba tuzo yake imeshikwa na kifua cha baba yake, atasoma tena huyo? Si atakuwa kila akifungua kitabu anasikia nakohoa?

"Basi nitakwenda mimi," akasema. "Mimi sikohoi."

"Na Kiingereza?"

"Nitawahutubia Kindamba, baba watoto. Anayetaka kuelewa aje Ifakara."

Hivyo ndivyo nilivyojiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi sihitaji kidato, nahitaji somo moja tu, kusema Kiingereza jukwaani bila kukohoa. Mwalimu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa yeye na kaka zake wawili wakubwa. Akafikiri kwa adabu, akaniambia, "Mzee, kukohoa hakumo kwenye mtaala. Kiingereza kimo, lakini kinakuja pamoja na wenzake." Wenzake ni historia, jiografia, uraia, na yule nduli anayeitwa hesabu.

Tulikuwa tukisomea kwenye darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto. Magoti yangu yalikuwa yakifika masikioni. Ningeweza kuyatumia kuziba kelele. Getini mwalimu alikuwa akinipa shikamoo, nikimjibu marahaba kama baba yake. Tukishaingia darasani akigeuka tu, mimi nasimama wima kama mtoto wa chekechea kumwamkia. Nilikaa na dereva wa bodaboda aliyekuwa akilala macho wazi, kwa heshima kubwa, na ukimgusa anajibu swali.

Nilikuwa nimepanga kuchukua hotuba yangu na kuondoka. Lakini jamani, kusoma kuna ulevi wake. Mchana nilikuwa nikikoboa huku nahutubia. Injini ikinguruma hakuna anayekusikia, kwa hiyo niliyapigia magunia Kiingereza ambacho malkia mwenyewe angeomba kurudiwa. Mara moja mkanda ulikatika ghafla, injini ikazima, na sauti yangu ikabaki peke yake hewani inawashukuru mabibi na mabwana. Akina mama kwenye foleni wakaangaliana. Mmoja akamwuliza mwenzake kama nimepigwa na mkanda kichwani.

Kwa upande wa kifua nilifanya kila kitu. Nilijifunga kitambaa puani kama mwizi. Nilitafuna tangawizi mpaka mbu wakaniogopa. Asali aliniletea mteja wangu mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na sasa analima mpunga kuliko sisi aliotukuta. Nilipomsimulia masharti ya tuzo hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwao ngoma mbili zikishindana, mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi, kwa hiyo mambo ya kupimwa kwa jamaa zako yeye anayafahamu.

"Wewe usihangaike na Kiingereza," akasema. "Nenda na watu. Au nikupe dume langu moja upande nalo. Likilia, nani atasikia kama umekohoa?"

Nililifikiria lile dume siku kadhaa, sitaki kusema uongo.

Likizo ya mwisho binti yetu alikuja nyumbani na kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Alisema anatengeneza kipindi cha redio kuhusu foleni ya mashineni, ndiyo kazi yake ya kumalizia masomo. Nikamwuliza foleni ina nini. Akasema ngoja utaona. Alikaa kwenye magunia wiki nzima. Alinasa akina mama wanavyosubiri zamu na kuwachambua waume zao kuliko mashine inavyochambua pumba. Alimnasa mzee wa Kivukoni, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi na sasa anatuletea kambale kwenye foleni. Mzee alisema daraja limemnyima watu wa kuvuka likampa watu wa kula. Na kila alipomnasa mtu, nyuma yake nipo mimi, nakohoa.

"Hicho kikohozi utakitoa," nikamwambia.

"Nitaona, baba."

"Usione. Kitoe."

"Baba, endesha mashine, watu wanasubiri."

Sikuweza kumweleza zaidi. Nikaendesha mashine.

Mimi nilimtangulia kumaliza. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu Kiswahili, historia, uraia, na Kiingereza nacho nikakipata. Hesabu ilinishinda, nikaiachia ushindi wake, sina kinyongo. Cheti changu kinaning'inia mashineni, kina pumba, na mteja anayetaka kunidharau namwambia kwanza asome ukutani. Binti yetu alipiga simu akalia kwa furaha. Aliamini baba yake amependa shule, basi. Na kwa kweli wakati huo nilikuwa nimeipenda, lakini kilichonipeleka kule alikuwa hakijui.

Halafu ikaja simu yenyewe. Ametajwa. Ndiye mwanafunzi bora wa mwaka wa mwisho katika sanaa na mawasiliano, na tuzo zitatolewa kwenye ukumbi mkubwa wa chuo. "Uje, baba," akasema. "Wazazi wametengewa viti vya mbele."

Viti vya mbele. Nikamtazama mke wangu: umesikia? Kwa nini mzazi awekwe mbele kama hapandi?

Mke wangu alibaki na mashine, kwa sababu ulikuwa msimu na mashine haijui sherehe. Rafiki yangu wa Mlabani aliniazima koti, zuri, ila lilishonewa mtu mwenye mikono mifupi. Nilipanda basi na kiroba cha mchele mpya na mfuko wa tangawizi, nikahutubia kimoyomoyo kutoka Ifakara mpaka tulipofika. Jirani yangu wa kiti alidhani nasali, akashusha sauti ya simu yake.

Ukumbini walinipeleka mbele kweli. Binti yetu alikuwa amekaa upande wa wanafunzi, akanipungia mkono. Wakaanza kuita: mwanafunzi bora katika uchoraji, mwanafunzi bora katika maigizo, katika muziki, katika uandishi. Kazi ya kila mmoja ilionyeshwa au kusikilizishwa kidogo, mwenyewe akapanda, akapewa ngao, akashuka. Wazazi wao hawakuitwa. Nikaelewa mara moja kwamba hotuba zimetunzwa kwa ajili ya tuzo kubwa ya mwisho, ambayo ni ya kwetu. Nikaongeza tangawizi.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tutasikia sehemu ya kipindi cha redio kutoka Bonde la Kilombero. Taa zikapunguzwa. Na mara, jamani, mashine yangu ikawaka mle ukumbini. Ile ile, na lile bolti lake linalogonga. Ukumbi wote ukawa Viwanja Sitini. Akina mama wakaanza kuwachambua waume zao, watu wakacheka mpaka profesa mmoja akavua miwani. Mzee wa mtumbwi akasema maneno yake ya kuvuka na kula. Nilijisikia mtu tajiri.

Ndipo nilipokohoa.

Siyo mimi niliyekaa kwenye kiti. Yule wa kwenye spika. Kikohozi kilitoka kila pembe ya ukumbi, kikubwa kuliko nilivyowahi kukikohoa mwenyewe, na watu waliocheka wakacheka zaidi. Nikajisemea, kimoja kinasamehewa. Kimya kidogo, gunia likaburutwa, sauti yangu ikamwuliza mama mmoja mpunga wake aliuanika au aliuosha, halafu kikaja cha pili.

Tumekwisha. Miaka miwili ya madawati, magoti masikioni, tangawizi, yote yamekwisha, na aliyetukwamisha ni mimi nikiwa Ifakara. Taa ziliporudi watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na mimi nilisikia makofi yale kama watu wanaosindikiza jeneza. Na ubaya wa kikohozi ni kwamba kikimsikia mwenzake kinaamka. Kile cha kweli kilianza kupanda kifuani. Nikakibana. Machozi yakanitoka, koti la kuazima likanibana kwapani, nikabana na meno.

Wakamwita binti yetu. Akapanda, mtoto wangu, mrefu kama mama yake, akapokea ngao na cheti, akashikwa mkono na wakubwa, akapigwa picha. Nilisubiri waniite. Hawakuita. Mshereheshaji alikuwa anafunga karatasi zake. Nikaona wazi kwamba wamempa kwanza, halafu wataipitia ile hesabu ya vikohozi na kumnyang'anya. Kama kuna wa kumtetea ni mimi, na ni sasa. Nikasimama. Nikatembea kwenye njia ya katikati, mashavu yamejaa pumzi, kuelekea ngazi za jukwaa.

Yeye aliniona kabla ya walinzi. Akashuka haraka, ngao kwapani kama ungo, akanikuta chini ya ngazi.

"Shikamoo, baba. Unakwenda wapi?"

Nikamwambia, kwa sauti iliyopita kwenye tundu la sindano, kwamba nakwenda kuhutubia. Kwamba Kiingereza ninacho. Kwamba vile vikohozi viwili ni vya mashineni na nimejiandaa kuwaomba wasivihesabu, wasimpe mtoto mwingine tuzo yake.

Akanitazama usoni, akatazama mikono ya koti, akatazama kifua changu kilivyotuna. Nadhani pale ndipo alipoelewa masomo yale ya jioni yalianzia wapi, kwa sababu midomo ilimcheza na hakujua acheke au alie. Akanishika mkono kwa ule wake uliokuwa wazi.

"Hapa mzazi hahutubii, baba. Tuzo wanaitoa kwa kazi ya mwanafunzi, na wameshanipa. Wewe kohoa tu."