Mama Chupa na Ndama wa Bibi Harusi

Pale bustani ya wanyama, ukiuliza nani alimlea nani, jibu ni lilelile. Pundamilia mwenye sikio lililokatika? Mama Chupa. Nyani anayewarushia wageni maganda? Huyo naye ni wa Mama Chupa, ila adabu hakumfundisha. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya chupa za maziwa alizokuwa akitembea nazo mifukoni, likamganda mpaka mumewe, fundi viatu aliyeacha kazi kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akawa analitumia kila akitaka kumchokoza. Binti yao wa mwisho aliwahi kusema mezani kwamba wao wangezaliwa na kwato, wangemwona mama yao mara nyingi zaidi. Watu walicheka. Mama Chupa naye alicheka, kisha akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kazini alikuwa mkali kama pilipili. Alikuwa na sheria mbili, na kila mfanyakazi mpya aliimbiwa mpaka akaziota. Ya kwanza, ovaroli iliyoingia kwa wala nyama haiingii kwa wala majani. Ya pili, mtoto haguswi kabla mama yake hajamlamba. Mnyama, alisema, hamjui mwanawe kwa sura, anamjua kwa pua. Ukimpaka harufu ngeni umemfanya mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani hanyonyeshwi.

Aliyesimangwa kuliko wote alikuwa mfagiaji wa mabanda, mama mmoja mnene, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Walimwita Taratibu. Ukimwambia afagie asubuhi, shukuru akimaliza kabla ya jua kuzama. Mama Chupa alikuwa akisema kwamba huyo, moto ukiwaka, atatafuta kwanza viatu vinavyofanana. Taratibu alisikia, akatabasamu, akaendelea kusukuma toroli lake kwa mwendo wake uleule.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikutaniwa. Zamani kidogo Mama Chupa alimlea kwa chupa tandala dume aliyefiwa na mama yake. Alimwita Mwanangu. Akanawiri, pembe zikajizungusha vizuri, wageni wakawa wanapiga naye picha kwenye wavu. Siku aliporudishwa kwa wenzake hakujua la kufanya. Hakujua kuinamisha kichwa mbele ya dume mkubwa, hakujua kukimbia. Aliposhambuliwa alikimbilia kwenye wavu, alikosimama mtu mwenye ovaroli, akajibanza pale akingoja afunguliwe. Mtu huyo alikuwa Mama Chupa, upande wa pili wa wavu, anahangaika na kufuli. Kabla kufuli halijafunguka, pembe zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Tangu siku hiyo alikula yamini kwamba tandala hatampa chupa tena. Chupa inatoa maziwa, alisema, ukoo haitoi.

Ndiyo maana mimba ya Bibi Harusi ilimkosesha usingizi. Bibi Harusi alikuwa tandala jike aliyeitwa hivyo kwa mwendo wake wa madaha, na alikuwa hajawahi kuzaa. Tangu aletwe pale alikuwa akila kwenye kiganja cha Mama Chupa na kumpumulia shingoni. Wengine wote aliwaonyesha mgongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mgeni. Chui jike aliletwa kutoka bustani nyingine, ndani ya sanduku la mbao lenye nondo, na sanduku lilikuwa zito kiasi kwamba kila mwenye mikono aliitwa kulisukuma hadi karantini. Mama Chupa alitia bega. Chui, aliyechoshwa na safari na kutishwa na kelele, aligeuza mgongo, akainua mkia, akarusha mkojo kupitia nondo. Ulimpata Mama Chupa mkono mzima hadi kwapani. Wenzake walicheka hadi wakaegemea ukuta. Yeye alisema mgeni mwenye heshima haji bila manukato, akaanza kufungua vifungo ili akabadilishe ovaroli.

Kifungo cha pili hakikufunguliwa. Mlinzi wa zamu alikuja mbio, akasema Bibi Harusi amezaa kabla ya wakati wake, ndama yuko chini, utando umemfunika pua, na mama yake amesimama pembeni anamtazama kama kitu kilichodondoka kwenye gari.

Mama Chupa alikimbia. Mwanamke wa umri ule, mwenye magoti yale, alikimbia. Bibi Harusi alishtuka akatimkia uani, na Mama Chupa akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa za chumba cha ndani, akachana utando, akafuta pua, akamsugua ndama kifuani na mgongoni kwa mikono yake yote miwili, akambana kifuani pake, akamsugua tena, mpaka kile kifua chembamba kikavuta pumzi. Mganga hajigangi. Aliyetunga sheria alizivunja zote mbili kwa mpigo, na wala hazikumpitia akilini, kwa sababu ndama alikuwa anapumua.

Alimbeba hadi uani, akamlaza kivulini karibu na mama yake. Taratibu alikuwa mlangoni na toroli. Mama Chupa, akiwa bado anatweta, hakuacha kumfokea kwamba azitoe zile nyasi chafu mara moja, zipelekwe kwenye tanuru kabla nzi hawajajaa, na aweke mpya. Kisha akasogea ukutani kutazama furaha yake.

Bibi Harusi alikuja. Alinyoosha shingo, akanusa mgongo wa ndama, pua zikapanuka. Kisha aliruka nyuma, akabweka, ule mbweko mkavu ambao tandala huutoa akiona hatari porini, akapiga kwato chini.

Mama Chupa alijiambia kwamba ni ugeni wa uzazi. Alisubiri. Ndama alisimama akaanguka, akasimama tena, akamfuata mama yake kwa miguu inayopishana. Bibi Harusi alihama. Ndama akafuata, na safari hii mama yake alimpiga kwa kichwa akamlaza chini. Mama Chupa aliingia kati, akambembeleza Bibi Harusi kwa maneno yote aliyoyajua, akajaribu kumsukuma ndama chini ya tumbo lake. Bibi Harusi alimkwepa hata yeye, macho yamemtoka. Hilo lilimchoma kuliko teke.

Daktari wa wanyama alifika na mkoba wake. Alikuwa kijana mwenye maneno machache, na Mama Chupa alimpenda kwa sababu hakujifanya anajua asilolijua. Alisimama karibu naye, akanusa, akanusa tena.

"Mama," alisema, "kabla ya kuja hapa ulikuwa wapi?"

Mama Chupa alifungua mdomo kujibu, kisha akautazama mkono wa ovaroli yake. Doa la njano lilikuwa limeshaanza kukauka. Alikumbuka alivyomsugua yule ndama, kifua kwa kifua.

"Nimemuua," alisema.

"Bado. Lakini toka humo ndani."

Nje, daktari alimweleza bila kumficha. Ndama akikosa dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, hatafika mbali, na huyu amezaliwa dhaifu. Dang'a ya ng'ombe ilikuwepo kwenye friza, na alikuwa ameshaagiza ipashwe moto, itiwe kwenye chupa. Mama Chupa alimsihi asifanye hivyo. Alimkumbusha habari za Mwanangu, akamwambia kumpa chupa huyu ni kumchimbia kaburi lilelile kwa kijiko kidogo. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Jua likiondoka kwenye ua, nampa chupa," alisema. "Siwezi kumwacha afe njaa ili wewe usiumie."

Alikuwa na haki, na Mama Chupa alijua ana haki, na hilo halikumsaidia kitu. Kivuli cha paa kilikuwa kimeshakula robo ya ua. Alivua ile ovaroli akaitupa, akanawa kwa sabuni hadi mikono ikawasha, lakini harufu ya chui haina mchezo, inaingia mwilini na kupanga chumba. Na hata yeye angetakata, ndama je? Kumwosha ni kumuua kwa baridi, na kumwondolea hata ile harufu kidogo ya mama yake iliyobaki.

Harufu ya mama yake. Nyasi.

Alikimbia tena. Nyasi za kuzalia zilikuwa zimeloa maji ya uzazi ya Bibi Harusi, kama kuna kitu duniani kingeweza kumwambia Bibi Harusi kwamba huyu ni wako, ni hizo nyasi. Na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa ameamuru zichomwe. Moshi ulionekana kutoka mbali. Alifika kwenye tanuru akaona moto mwekundu na majivu, akasimama hapo mikono kichwani. Mchoma taka alimuuliza kulikoni. Yeye akauliza kama Taratibu ameshaleta toroli lake.

Mchoma taka alicheka kwa puani. Alisema anachochoma ni matawi ya jana, na kwamba wanamfahamu vizuri Taratibu, pengine ataleta kesho.

Katika maisha yake yote Mama Chupa hakuwahi kuuombea uvivu wa mtu. Siku hiyo aliuombea, tena kwa sauti, njia nzima. Alimkuta Taratibu nyuma ya banda, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. Toroli lilikuwa pembeni yake, limejaa nyasi zilezile, mbichi.

Taratibu aliinuka kwa hofu, chai ikammwagikia. "Nilikuwa ndiyo nazipeleka, mama."

"Usizipeleke popote," Mama Chupa alisema. Alinyoosha mkono kuzishika, kisha akaurudisha haraka kana kwamba zimemuunguza. "Mimi nisiguse. Wewe ndiye utakayeingia umsugue nazo ndama."

Taratibu alisema yeye na wanyama wapi na wapi. Alisema hajawahi kugusa hata paka wa jirani. Mama Chupa alimshika upindo wa kanga, hapo tu, kwa ncha za vidole.

"Mwenzangu, nimekusimanga miaka yote hii. Leo nakuomba. Ingia vile unavyokwenda siku zote. Usikimbie."

Akaingia. Mama Chupa alizunguka mbali, hadi kwenye njia ya wageni, upande ambao upepo ungechukua harufu yake kuipeleka kwingine. Daktari alikuwa ameshafika hapo na chupa ya dang'a yenye joto, ameifunga kwenye taulo. Walimwona Taratibu akivuka ua kwa mwendo wake wa kukera, kumbatio la nyasi mikononi, na Bibi Harusi akamtazama bila kuhama, maana mtu aendaye namna ile hamtishi hata inzi. Alimsugua ndama mgongo, shingo, miguu, na chini ya mkia alikoelekezwa. Hakuacha mahali. Kisha akaondoka, naye hakuharakisha.

Jua lilikuwa limebaki utepe mmoja kwenye ukuta wa mbali. Ndama alikuwa amelala, hajaribu tena kusimama. Daktari aliifungua taulo. Mama Chupa hakumwomba tena, alishayamaliza maombi yote.

Bibi Harusi alisogea. Alinusa mgongo, akanusa chini ya mkia, akasimama hapo muda mrefu. Kisha ulimi ukatoka. Alimlamba mara moja, kwa shaka, halafu akaanza kumlamba kwa nguvu hadi ndama akatikisika. Ndama alisimama, akatafuta ziwa kwenye miguu ya mbele kama mjinga, akasogezwa, akalipata. Povu jeupe lilimtoka pembeni mwa mdomo. Daktari aliirudisha chupa kwenye taulo.

Mama Chupa alikuwa analia na hakujifuta. Bila kujua alipiga hatua kuelekea kwenye wavu. Bibi Harusi aliinua kichwa, akamwona, akabweka. Alijiweka kati yake na ndama, akapiga kwato chini, na ziwa likamtoka ndama mdomoni.

"Rudi nyuma, mama," daktari alisema kwa upole. Akarudi.

Walidhani itapita. Aliacha siku zipite, akaoga kwa kila sabuni, akavaa ovaroli mpya kabisa. Kila alipotokeza, mbweko uleule. Mwishowe daktari alimhamishia Mama Chupa kwa chui, na banda la tandala akapewa Taratibu.

Jioni moja mumewe, akimfungulia kamba za viatu kwa sababu magoti yalikuwa yamevimba, alimuuliza ndama anaendeleaje. Alijibu kwamba Taratibu anasema ananenepa, ameanza kuruka ruka na wenzake.

"Wewe hujaenda kumwona?"

"Mama yake akiniona anaacha kunyonyesha," alisema. "Kwa hiyo sipiti tena kule."

Mzee alimaliza kufungua kamba, akamvua viatu. Hakumwita Mama Chupa jioni ile, wala baada ya hapo.