Mimi Ndiye Nilifunga Maombi

Koti la sufu likilowa, ukilitandika juu ya chauffage, kile chuma cha kupasha nyumba joto, linanuka mbuzi. Harufu ile mpaka leo hainiachi nitulie. Inanirudisha Schaerbeek, kule Brussels, miaka ya tisini, kwenye nyumba yetu ya redio isiyozimwa. Koti lenyewe papa alipewa kanisani, lilikuwa la mwanamke. Bon, hiyo tuiache.

Redio ilisema jeshi la serikali limeondoka kwenda kuuteka mji wetu kule Kivu, ambako waasi walikuwa wameweka makao yao. Sasa unielewe vizuri: katika mji ule alikuwemo bibi, mama yake maman. Na katika jeshi lile alikuwemo tonton Deo, mdogo wake papa.

Kwetu tuliomba kila jioni, na kitinda mimba ndiye alifunga maombi. Kitinda mimba ni mimi.

Papa akaanza: "Mungu, fungua barabara, Deo afike mbio, vita iishe."

Maman akadakia: "Mungu, usimusikie huyu. Funga barabara! Mabomu yakianguka, mama yangu atakimbia na miguu gani?"

"Maman Neema! Unamuombea mdogo wangu mabaya?"

"Na wewe unanizikia mama nikiwa ningali kwenye magoti?"

Kaka yangu akacheka, akala kofi. Kisha wote wakanigeukia, wananingoja. Amina yangu iwe ya nani? Nikajikuna, nikasema: "Mungu, leta mvua. Camion ya tonton inase kwenye matope, asifike, lakini muntu asimpige risasi akiisukuma. Amina."

Hakuna aliyecheka.

Wiki mbili sikukaa kitako. Redio ikitaja barabara, naacha chakula nakimbilia sebuleni. Halafu simu ikalia: jeshi limetawanyika njiani, mji haukutekwa. Bibi ni mzima. Tonton Deo hajulikani alipo.

Papa alikaa tu. Aliyeanguka sakafuni ni maman, anapiga kelele, "Mutoto yangu! Mutoto yangu!" Nilishangaa, maana nilidhani yeye ndiye ameshinda.

Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipoambiwa kwamba tonton aliletwa kwa maman akiwa na miaka minne, maman akiwa bibi harusi mpya. Ndiye aliyemuogesha, akamfundisha kula. Donc, papa alikuwa akiomba apate anachotaka. Maman alikuwa akiomba huku anajua kuwa, Mungu akimsikia, atalia. Mungu alimsikia, na toka siku ile maman hakuomba tena kwa sauti.