Yadi Kumi na Nne Hadi Kiti cha Mzee Vuai

Magoti ya Mzee Shamte yalikuwa yanalia. Akienda sijda, safu nzima msikitini husikia kama mtu anavunja kuni, na vijana walizoea kutania kwamba kwa Mzee Shamte hata aliyesinzia atajua wakati umefika. Hayakuwa magoti ya uzee tu, ni kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mazulia, na zulia halitandikwi kwa mikono kama watu wanavyodhani, linatandikwa kwa goti. Kuna chuma kifupi, mbele kina meno ya kung'ata zulia, nyuma kina mto, na fundi anaupiga ule mto kwa goti, pa! pa! mpaka zulia linanyooka hadi ukutani. Alitandika maofisi ya Greenbelt, vyumba vya wazungu wa Takoma Park alikokuwa akikaa mwenyewe, na hoteli ambamo hakupata kulala hata siku moja. Awali alikuja Washington kama mpishi wa balozi fulani. Balozi akarudi kwao, Shamte akabaki, na upishi akauacha kwa sababu, alisema, watu wakishajua unapika hawakuachi ukae.

Mpira wa Kimarekani hakuupenda. Aliuona ni watu wazima wanaogombania papai. Ila mwenzake wa kazi, Kipkemboi, aliupenda kupita kiasi. Huyu Kipkemboi alitoka upande wa Eldoret, na kila tajiri waliyekwenda kumtandikia zulia, akisikia Kenya, humuuliza mbio ndefu anakimbia kwa saa ngapi. Naye alikuwa na kilo mia na kumi na tano, akipanda ngazi anapumzika mara mbili. "Mimi nilikimbia mara moja tu," huwajibu, "kulikuwa na nyuki."

Siku moja, mchana wa mapumziko kwenye gari la kazi, Kipkemboi alikuwa na kitelevisheni chake kidogo, na Shamte akaona watu wawili wanaingia uwanjani wakiburura mnyororo.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanapima, mzee. Timu iko na nafasi nne za kusonga yadi kumi. Wanaangalia kama wamefika."

"Wanapima kwa yadi?"

"Yadi kabisa."

Shamte akaacha kula. Miaka yote hiyo alidhani yadi ni ya mafundi wa mazulia peke yao. Tangu siku hiyo hakukosa mchezo. Na alichokipenda si ile mipira mirefu inayorushwa hewani watu wakasimama kupiga mayowe. Alimpenda yule jamaa mnene anayepewa mpira, anaukumbatia kwapani, anainamisha kichwa na kujipenyeza kwenye kundi la watu. Anaangushwa. Mnyororo unakuja. Yadi tatu. Anaamka, anarudia.

"Yule ni fundi," Shamte alisema.

Sasa, huyu Mzee Shamte alikuwa na mpwa wake, Jawad, aliyemlea mwenyewe tangu ana miaka tisa, na Jawad alitaka kumuoa Nuha binti Vuai wa Gaithersburg. Nuha alitaka. Wote wawili walikuwa watu wazima na kazi zao, lakini Nuha alisema wazi, hatoki nyumbani mpaka barua ya posa ipokelewe na baba yake. Na alikwishapata kazi Texas, anaondoka wiki ya mwisho ya Desemba. Akiondoka bila neno, basi tena, kila mmoja atashika njia yake.

Baba mtu, Mzee Vuai, hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali, watu wangejua moja. Yeye alikuwa dereva wa basi, mapumziko yake Jumapili tu, na Jumapili alishuka chumba cha chini ya nyumba, akakaa kwenye kiti chake kikubwa mbele ya mpira, na msimamo wake ulikuwa mmoja. "Barua naipokea, ila sinyanyuki. Ije na mshenga mpaka mkononi, kama ilivyokuwa kwetu."

Tatizo lilikuwa kufika. Kati ya mlango wa mbele na kile kiti alikuwepo Bi Johari, mkewe, ambaye hakutaka mtoto wake wa pekee aolewe na yeyote, na njia yake ilikuwa ukarimu. Mgeni akibisha hodi, hajamaliza salamu kashakalishwa kwenye sofa laini mno, magoti juu kuliko kifua, mkononi sahani ya kaimati, na kutoka kwenye sofa lile hakuna aliyeweza bila kusaidiwa. Mshenga wa kwanza aliishia hapo, akala, akasahau alilojia. Wa pili akatuma barua kwa posta. Bi Johari ndiye aliyekuwa akifungua sanduku la barua. Wa tatu, mtu mwenye hamasa, alisimama juu ya ngazi akairusha bahasha kuelekea chini kwa Mzee Vuai. Ilidakwa na paka.

"Mzee, hao wote wali-throw," Kipkemboi alisema aliposikia. "Ball ikishakuwa hewani si yako tena, ni ya yeyote. Wewe beba."

"Nibebe vipi na yule mama yupo mlangoni?"

"Kidogo kidogo. Hiyo kukimbia na ball hufanyi ndio ufike leo. Unafanya ndio wao wachoke."

Shamte alilala na maneno hayo. Baada ya Idi, mwaka 2005, siku ya kazi Mzee Vuai yuko kwenye basi lake, akaenda Gaithersburg na futi kamba. Zulia la Bi Johari lilikuwa limechakaa njia nzima, kutoka mlangoni, kupita sebuleni, kushuka ngazi, mpaka kwenye kiti. Akapima: yadi kumi na nne. Na kwenye gari alikuwa na kipande cha hoteli, rangi ya damu ya mzee, yadi kumi na nne kamili, kilichobaki kazini na wenyewe wakasema kachukue.

"Nitakutandikia hidaya, bure," akamwambia Bi Johari. "Ila yadi tatu kila Jumapili. Magoti hayawezi zaidi."

Bi Johari si mjinga, aliiona bahasha ikichungulia mfukoni, inanukia udi mpaka barabarani. Lakini lile zulia lilikuwa zuri. Akafikiri, akasema, "Haya, Mzee Shamte. Lakini tuandikiane kwa mdomo. Wewe mwisho wako ni pale mwisho wa zulia. Likiishia hapa, na wewe umeishia hapa, hutii mguu mbele."

"Wala mguu."

Jumapili ya kwanza akapata yadi tatu, hadi kwenye kabati la viatu. Alikuwa ameliweka zulia kwapani limekunjwa, kichwa chini, na Kipkemboi mbele yake akisogeza vitu na kumkinga. Kutoka chini ilisikika sauti ya Mzee Vuai akiifokea televisheni: "Rusha! Rusha, mjinga wewe!"

"Usirushe," Shamte akanong'ona, akipiga goti.

Jumapili ya pili Bi Johari aliweka gunia la mchele katikati ya njia. Kipkemboi akalibeba. Akaleta kaimati. Kipkemboi akazila zote, Shamte hakuonja, na lile sofa wakalipita. Kuona hivyo, Jumapili iliyofuata mama akapiga magoti mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya zulia, akasema nyuzi zimelala upande mbaya sebuleni, kwenda giza, kurudi mwanga, ling'olewe. Alikuwa kasema kweli! Shamte akang'oa yadi moja kwa aibu ya kifundi. Akarudi nyumbani amekwenda nyuma kuliko alipotoka.

"Imeshindikana, Mjomba," Jawad akasema. "Mwache tu aende."

"Tumerudishwa yadi moja," Shamte akamjibu. "Kila timu inarudishwa. Lete mafuta ya magoti."

Kufika Jumapili ya tano, Bi Johari alikuwa amechoka. Alianza kwa kukaa juu ya ngazi kuziba njia, lakini Shamte akifika kwenye ngazi aliyokalia husubiri tu, kapiga magoti, anahema, mpaka mama anaona haya na kushuka moja. Wakaenda hivyo, ngazi kwa ngazi, wakizungumza bei ya karafuu na nani kafa huko nyumbani. Mwishoni akasema, "Hivi wewe huli chochote?" Akamletea uji.

Jumapili ya sita ndiyo ya mwisho. Juma lililofuata ni Texas. Nuha alikaa juu ngazini, mikono mdomoni. Jawad alikuwa nje kwenye gari, hakuweza kutazama. Chini, mchezo ulibakiza dakika tatu, timu ya mji inaongoza kwa pointi nne, na Mzee Vuai anasonya.

"Wanakimbia tu," alisema bila kugeuka. "Tangu mwanzo hawarushi. Wamekuwa kama wewe, Shamte. Wiki sita nakusikia hapo juu, pa, pa, pa, kama una nyundo kichwani mwangu."

"Wanakula muda, mzee mwenzangu. Wenzao wanachoka."

"Najua! Ndiyo maana siwapendi."

Shamte akashuka ngazi ya mwisho, akaikunjua ncha ya zulia kuelekea kwenye kiti. Zulia likaenda, likaenda, likasimama. Mbele yake, mpaka kwenye miguu ya Mzee Vuai, kulikuwa na saruji tupu, la zamani wakiwa wameshaling'oa. Yadi moja nzima.

Akageuka, akahesabu ngazi. Kumi na tatu. Kwenye kikaratasi chake aliandika kumi na moja. Siku ile ya kupima, mbili za mwisho zilikuwa zimefunikwa na kapu la nguo za kufua, na yeye, fundi wa miaka kumi na tisa, hakulisogeza kapu.

"Aaa, mzee!" Kipkemboi akashika kichwa.

Bi Johari akatazama saruji. "Mwisho wa zulia, Mzee Shamte," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Shamte akalala kifudifudi juu ya zulia lake, akaunyoosha mkono na barua ncha ya vidole. Bahasha ikagusa kidole gumba cha mguu wa Mzee Vuai.

"Mguu haupokei posa," Mzee Vuai akasema. "Na mimi sinyanyuki."

Kwenye televisheni nako wachezaji wamelala kifudifudi, mnyororo unakuja. Bi Johari alitazama lile pengo, akalitazama tena. Akamtazama Nuha juu kule. Akatazama pengo.

"Na wageni wa kumuaga mtoto waje Ijumaa waone hivi?" akafoka. "Waseme nyumba ya Johari zulia limeishia njiani? Haiwezekani! Haiwezekani kabisa!"

Akapita nyuma ya kiti, akafunga kanga kiunoni, akaweka bega, akasukuma. Kiti kikalia juu ya saruji. Mzee Vuai akapiga kelele, "Johari! Mpira! We Johari!" na kile kiti, na yeye ndani yake, kikaja mbele yadi nzima mpaka miguu yake ikakanyaga zulia. Katika kujishika asianguke akatoa mikono yote miwili. Shamte akaiweka barua humo.

Mzee Vuai akainusa. "Udi huu wa wapi?"

"Wa mama yake Jawad, marehemu. Mwisho mwisho huo."

"Imepokelewa," Mzee Vuai akasema. Nuha akatoa sauti ambayo si Kiswahili wala Kiingereza, akakimbilia nje. Kisha Mzee Vuai akakumbuka televisheni, na sasa kiti kilikuwa kimeipita, ipo ubavuni. "Nimepitwa! Wamefanya nini?"

"Wamekimbia," Shamte akasema kutoka sakafuni. "Yadi moja. Inatosha."

"Haya, inuka basi ule."

Shamte akajaribu. Magoti yakalia mara moja, yakagoma. Akajaribu tena, akabaki hapo hapo, shavu juu ya zulia, akitabasamu kwa kuona jinsi nyuzi zilivyolala vizuri. Kipkemboi alikuwa kwenye ngazi ya nne, anapumzika. Bi Johari alikuwa ameegemea kiti, hana pumzi. Hapakuwa na mwingine wa kumwinua.

Mzee Vuai akasonya, akaweka barua kifuani, akanyanyuka.