Ganda Lililopisha Fundo la Leso

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya plastiki hapa Nakuru, Fundi Mkuu alinipa kalibu, yaani chuma kilichochongwa ambamo plastiki ya moto humiminwa ipate umbo, akaniambia niifute. "Usichore kitu kabla hujajua plastiki inavyokataa," akasema. Nilifuta wiki nzima nikinung'unika kimoyomoyo. Vijana wa leo huchora kwenye kompyuta kabla hawajagusa chochote, halafu hushangaa ganda la kifaa likipasuka.

Baadaye nilipelekwa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, kutengeneza maganda ya vifaa vya kupima mvuke. Huko mfanyakazi huvaa glavu nene, kwa hiyo kitufe kidogo ni upuuzi. Msimamizi wa Zamu alinirudishia kazi yangu mara tatu bila hata salamu. Nilimchukia, lakini alinifunza, na niliporudi Nakuru hakuna aliyenibabaisha tena.

Ndipo tukapewa kifaa cha kurekodi mapigo ya moyo, kinachobandikwa kifuani na kuvaliwa kutwa kwa wiki nzima. Nilichora ganda lake, tukalijaribu kwa watu wa ofisini, likawakaa vizuri. Kisha daktari mmoja akatupigia simu. Mama Wanjiru, mkulima wa viazi Mau Narok aliyevalishwa kifaa chetu, alikuwa akizirai, na rekodi zake zilikuwa na mapengo. Bila kuona moyo wake unafanya nini anapozirai, daktari hangeweza kuamua matibabu. Alihofia kwamba siku moja mama huyo angeanguka asiamke.

Nilipanda Mau Narok mwenyewe. Mama Wanjiru alinikaribisha chai. Mtoto wake, Wanjiru, alipolia, alibandua kifaa, akakiacha kabatini, kisha akamweka mgongoni na kumfunga kwa leso.

"Mbona umetoa?" nikamuuliza.

"Inanifinya, mathe. Fundo ya leso inakaa hapo hapo. Nikimshusha mtoto naivaa tena."

"Na ukizirai huwa uko wapi?"

"Nikipanda kutoka shamba, na huyu kwa mgongo."

Nilishikwa na hofu. Moyo wake ulikuwa ukileta matata wakati ule ule kifaa kiko kabatini.

Nilipomweleza Mkurugenzi, alitazama saa. "Si umwambie asibebe mtoto hiyo wiki moja? Kwani ni ngumu?"

"Boss, utaenda kumbebea wewe?"

Wenzangu waliinamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mkurugenzi aliguna, akakubali tuchonge kalibu mpya.

Safari hii nilijifunga leso, mfuko wa viazi mgongoni, nikazunguka karakana huku mafundi wakiniita Mama Viazi. Waache waseme. Nilijua sasa fundo linakandamiza wapi. Nililaza kingo za ganda kama sabuni iliyotumika, na katikati nikaacha kibonde cha kupisha fundo.

Rekodi iliyofuata haikuwa na pengo. Ilionyesha moyo ukisita alipokuwa akipanda na mtoto. Daktari aliona alichotaka kuona, na Mama Wanjiru akawekewa kifaa cha kuongoza mapigo.

Sasa nimestaafu. Majuzi nilikutana naye sokoni mjini, Wanjiru akimvuta sketi anunuliwe ndizi. Sitaficha, nilitaka kusifiwa. Nikamuuliza lile ganda la pili alilionaje.

Alifikiri kidogo. "Hiyo ya pili? Sijui, mathe. Nilikuwa nasahau hata kama nimeivaa."

Nilimnunulia Wanjiru ndizi. Katika wakubwa wangu wote, hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.