Zoezi la Barua kwa Mwenye Nyumba

Majira ya baridi ya mwaka 2021, Sydney ilipofungiwa ndani kwa korona, Ikupa alikuwa na watu wawili asiotaka kuwaudhi, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Ludovick alikuwa mwenye nyumba wake. Ludovick huyohuyo alikuwa mwalimu wake wa Kiingereza.

Kwao Tukuyu Ikupa alikuwa muuguzi. Hapa aliwalisha na kuwaogesha wazee katika makao yao, akingoja siku atakayofaulu mtihani wa Kiingereza aruhusiwe kuvaa tena sare ya uuguzi. Kusoma alipita, kusikiliza alipita, kuzungumza alipita. Kuandika kulimkataa. Kaka Ludo, kama alivyomwita, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege alipofika na binti yake Tumpe. Ndiye aliyempangisha kijumba cha nyuma ya nyumba yake kule Guildford, na ndiye aliyemwingiza bure kwenye darasa lake la jioni la Zoom. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba paa lake linavuja.

Nalo lilikuwa linavuja, juu ya kitanda cha Tumpe.

"Mum, it's raining inside again," Tumpe alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya juma.

Ikupa alisogeza kitanda, akatega ndoo. Mtoto alikuwa ameanza kukohoa, na mwaka ule kikohozi hakikuwa kikohozi tu. Kilikuwa foleni ya kupimwa, jirani kufunga dirisha, na mama kuambiwa asionekane kazini. Paa lilipaswa kuzibwa. Basi asubuhi moja, walipokutana wakitoa mapipa ya taka, alijaribu.

"Habari za asubuhi, Kaka Ludo."

"Njema, dada. Mvua hii!"

"Mvua kweli. Hata ndani tunaisikia."

"Ndiyo raha ya bati hiyo," alisema Ludovick, uso ukimchangamka juu ya barakoa. "Inakukumbusha nyumbani."

Ikupa alikubali kwamba inamkumbusha nyumbani.

Wiki hiyo darasa lilikuwa limefika kwenye maneno ya kuunganisha. Ludovick aliyaamini kuliko alivyoiamini chanjo. "Mbao kila mtu anazo," aliwaambia wanafunzi. "Mtahini anatafuta gundi. However. Furthermore. As a result." Aliyatamka polepole, kwa heshima, kama majina ya wakwe. Kisha akatoa zoezi: mwandikie mwenye nyumba wako barua ya kulalamika.

Ikupa aliandika. Alimshukuru mwenye nyumba kwa makazi, akaulizia afya ya mke wake, akamtakia baraka. Mwisho kabisa akataja kwamba kuna tone dogo la maji, ila si neno. Barua ikarudi imejaa wino mwekundu, na simu ikaifuata.

"Dada Ikupa, unalalamika au unasali? Hakuna however hata moja!"

"Kaka, mtu kakupa pa kulala..."

"Huyu ni mwenye nyumba wa mtihani, hatakufukuza. Mshambulie! Tone linadondoka wapi? Juu ya nani? Kuna madhara gani? Hupati alama saba za kufaulu kwa sababu una adabu mno."

Akaandika upya. Na hapo akaona jambo ambalo hakulitarajia. Zamani, akisema paa linavuja, sentensi ilisimama peke yake, imeona haya, naye akaharakisha kuifunika kwa shukrani. Sasa "kwa sababu hiyo" haikumruhusu kusimama. Ilimshika mkono ikamvuta hadi kwenye sentensi iliyofuata, na iliyofuata ilikuwa mtoto wake. Ludovick aliipitia, akarekebisha furthermore moja, akaandika pembeni: Safi sana! Mara ya pili akaipitia tena, akahamisha mkato. Alikuwa akikagua gundi tu.

Alhamisi jioni akawatangazia wanafunzi wote kwamba ana barua ya mfano, akaanza kuisoma kwa sauti, kila sentensi kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili.

"'Nimekueleza kwa upole, hata hivyo hukunisikia. Maji yanadondokea kichwani pa kitanda cha binti yangu. Kwa sababu hiyo anakohoa. Zaidi ya hayo, kijumba hiki cha nyuma, chenye mlimau mlangoni...'"

Sauti yake ikapungua mwendo. Mlimau ule aliupanda mwenyewe.

"Endelea, Mwalimu!" alisema Cirhuza, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi ghalani na kuhudhuria darasa akiwa jikoni, mwiko mkononi. "Huyu bwana ni salaud, mshenzi kabisa! Mtoto analowana, ye anaombaka kodi tu?"

"Ni... ni wa mtihani tu, Cirhuza."

"Hata wa mtihani! Aende kutengeneza!"

"Mafundi wamezuiwa, kwa ajili ya korona."

"Na yeye hana mikono? Ni kilema?"

Wanafunzi walicheka hadi wengine wakasahau kuzima vipaza sauti. Ikupa alikuwa amezima kamera. Ludovick alisema turudi kwenye viunganishi, ila hakukumbuka hata kimoja.

Asubuhi Ikupa alisikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Alitoka akamkuta mwalimu wake juu ya bati, barakoa puani, turubai kwapani, silikoni ya kuzibia mkononi.

"Habari za asubuhi, dada. Nasafisha majani kwenye mfereji."

"Majani mengi kweli, Kaka. Pole na kazi."

Akatupa jani moja chini.

"Lile tone," alisema Ludovick bila kutazama chini. "La kwenye barua. Ulisema linadondokea kichwani au miguuni?"

"Kichwani, Kaka. Aya ya pili."

"Aha. Aya ya pili." Akatambaa kuelekea huko, bati likilia chini ya magoti yake.

Ludovick hakuwa fundi. Mvua iliyofuata, kitanda cha Tumpe kilibaki kikavu, na tone likatokea juu ya sinki, mahali ambapo maji yana haki ya kudondoka. Kikohozi kikapungua, kisha kikaondoka. Ikupa hakukosa zamu hata moja.

Darasani, Ludovick alitangaza zoezi jipya: barua ya shukrani. Cirhuza akanung'unika kwamba hajaona wa kumshukuru tangu Machi ya mwaka jana. Ikupa alimaliza wa kwanza. Alimshukuru mwenye nyumba kwa kuziba paa, akaweka nukta, akatuma.

Ilirudi na tano. "Fupi mno, dada," Ludovick alikuwa ameandika. "Ongeza maelezo."

Ikupa aliisoma tena mwanzo hadi mwisho. Haikuchukua muda. Hakuongeza neno.