Puto la Shiundu

Tarehe 11 Machi 2024, Gordon Shiundu, mwenye umri wa miaka 58, alitia sahihi kukubali mshipa wa moyo wake utumike katika utafiti. Kwa miaka kumi na tisa amekata sabuni kwa mashine katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, Nairobi. Mwaka 2021 aliwekewa stenti, bomba dogo la waya linaloshikilia mshipa usizibe. Mshipa uliziba tena, ndani ya waya ule ule.

Madaktari walikuwa wakilinganisha puto lililopakwa dawa na puto la kawaida. Puto hupitishwa kwenye mshipa, hujazwa kwa muda mfupi ili kuupanua, kisha hutolewa. Alipofanyiwa, hakuambiwa alipata lipi. Picha ya kuonyesha kama mshipa umebaki wazi ingepigwa bila malipo kati ya tarehe 9 na 23 Septemba, si zaidi.

Alipangiwa tarehe 17. Tarehe 14 kaka yake alifariki kwao Shinyalu, magharibi mwa Kenya.

Mazishi yalifanyika huko Jumamosi, tarehe 21. Kwao, siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa hunyolewa, na ndugu mkubwa aliyebaki huanza. Ndugu huyo sasa alikuwa yeye.

“Msimchekeshe Shiundu,” binamu yake Opicho aliwaambia waombolezaji. “Ana puto kifuani. Likipasuka tutazika wawili.”

Walicheka. Shiundu alikuwa ameacha kueleza kwamba puto lilishatolewa.

Jumapili Wanja, muuguzi wa utafiti, alipiga simu.

“Mzee, kesho ndiyo mwisho. Utafika?”

“Nanyolewa Jumanne, sista.”

“Si unyolewe huku Nairobi? Kinyozi si yuko hapo mtaani kwako, Lucky Summer?”

“Huyo hatanitoa matanga.”

“Kifua kinauma?”

“Kidogo.”

Kilikuwa kimemuuma kaburini, alipoinama kuchukua udongo. Mkewe, Khavere, alikuwa kando yake. Hakumwambia.

Jumanne alinyolewa wa kwanza, kwa wembe mpya na maji baridi. Jumatano walirudi Nairobi. Kufika nyumbani kwao, ghorofa ya nne, alipumzika mara tatu.

“Ni nini, Baba Elsie?” Khavere aliuliza.

“Ngazi.”

Utafiti ulimwandika kuwa hakupigwa picha. Wanja alimhamishia kwenye orodha ya wagonjwa wa kawaida, wanaojilipia. Atapigwa picha tarehe 4 Februari 2025.