Misumari Katika Maji ya Buluu

Nilianza kufundisha sayansi nikiwa nimevaa nguo nyeusi. Mama alikuwa amekufa majuma machache kabla, na katika familia yetu nguo ya kilio haivuliwi mpaka wakubwa wakutane na kusema basi. Niliingia darasani hivyo hivyo, kitambaa cheusi kichwani, chaki mkononi. Chuoni sikufika. Nina diploma ya kumaliza sekondari tu, ya biolojia na kemia. Mwalimu aliyekuwapo kabla yangu alipata kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kakanda, akaondoka katikati ya mwaka, na shule ikahitaji mtu haraka. Prefe, yaani mkuu wa shule, aliniambia waziwazi kwamba nafundisha kwa majaribio. Siku moja atakuja kukaa darasani bila kunijulisha, halafu ataamua kama nabaki ama anatafuta mwingine.

Niliitaka kazi ile sana. Nyumbani, mtaa wa Kikula, nilikuwa nimezoea kukaa mkekani na shangazi zangu. Shule ndiyo iliyonifanya niamke na hamu ya kuvaa viatu.

Majuma ya kwanza darasa lilikuwa kimya. Niliandika ubaoni, wakanakili. Nikiuliza kama wameelewa, waliitika "Ndiyo, madamu" kwa sauti moja, kama kanisani. Nilijisifu moyoni. Nilidhani nimezaliwa na kipaji cha kushika darasa. Kisha, saa ya mapumziko, nilimuuliza binti mmoja wa dawati la mbele kwa nini haulizi swali hata siku moja. Alitazama chini.

"Mama alitukataza, madamu. Alisema weye iko na kilio, tusikusumbue."

"Na wenzako?"

"Bote njo vile. Bazazi balibaambia."

Kumbe wazazi wa darasa zima waliwakataza. Kwetu mtu haongei kwa sauti wala hacheki mbele ya aliyefiwa, na watoto wale walikuwa wamelelewa vizuri. Kimya kile kilikuwa heshima kwa mama yangu. Hakikuwa sifa ya ufundishaji wangu. Walikuwa wananakili mambo wasiyoyaelewa, wakiona vibaya kuniuliza. Kuvua nyeusi sikuweza, uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Kesho yake niliwaambia kwamba mama alikuwa muuza samaki, kelele zake zilisikika soko zima, na hangekasirika wao wakicheka. Hakuna aliyecheka.

Ndipo nikaikumbuka chupa moja katika kabati la ofisi, yenye chumvi ya shaba, mawe madogo ya buluu. Kitabu cha darasa kilitoa hatua za jaribio lake, bila maelezo. Mimi mwenyewe sikuwahi kulifanya. Nilipokuwa mwanafunzi tulilinakili tu.

Niliyeyusha yale mawe katika maji, nikawaonya wasiyaonje, nikagawa glasi, na kila kundi likatumbukiza msumari uliosuguliwa kwa mchanga. Tulingoja. Msumari ulianza kuwa mwekundu.

"Madamu! Musumari imegeuka shaba!"

"Weye, acha uongo."

"Angalia na macho yako! Shaba kabisa!"

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye baba yake anafanya kazi kiwandani, mtaa wa Panda, alipanda juu ya benchi. "Miye leo natoboa paa ya nyumba yetu, nang'oa misumari yote! Bale ba Kakanda banachimba bule!"

"Na mvua ikikuja?"

"Tutalala na mwavuli, lakini tutakuwa batajiri!"

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na mimi pia. Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Nilipogeuka, prefe alikuwa amesimama mlangoni.

Watoto waliketi. Alipita, akakaa dawati la mwisho. "Endelea, madamu."

Nilimpa yule kijana tupa, nikamwambia akwangue msumari wake. Chini ya wekundu kikatokea chuma kile kile cha kijivu.

"Ah! Imepakwa tu!"

"Papa tajiri, rudia kufunga paa yako!" mwenzake akamtania.

"Basi hiyo shaba imetoka wapi?" nikauliza.

Binti wa dawati la mbele aliinua glasi kwenye mwanga. "Mu maji. Buluu yake inapunguka." Kisha, kwa mara ya kwanza, akaniuliza swali: "Lakini madamu, musumari nayo imekulwa kidogo. Sasa chuma inaenda wapi?"

Sikujua. Nilikuwa na maneno kadhaa ya Kifaransa, lugha ya vitabu vyetu, ambayo ningeweza kumtupia, na hakuna ambaye angeuliza tena. Prefe alikuwa ananitazama.

"Sijui," nikasema. "Acheni misumari ndani ya maji. Kesho nitakuwa nimejua."

Prefe alisimama. "Kesho nitarudi," akasema, akatoka.

Mchana ule nilifungua kitabu changu cha zamani. Jibu lilikuwamo, katika mlinganyo niliowahi kuukariri kwa ajili ya mtihani bila kuona kilichomo. Chuma kinaingia majini, kinachukua nafasi ya shaba, na shaba inatoka. Nilishindwa kula kwa furaha. Shangazi alidhani ninaumwa.

Asubuhi nilisikia kelele za darasa langu kabla sijafika mlangoni. Maji hayakuwa buluu tena, yalikuwa na kijani hafifu. Niliwapa dalili moja tu, kwamba rangi ile ni ya chuma, nikakaa kando huku prefe akisikiliza.

"Chuma iliingia mu maji, ikafukuza shaba!" binti yule akasema.

"Kama mupangaji mupya!" akadakia kijana wa paa. "Shaba ilibeba batoto na vyombo, ikatoka inje!"

Hata prefe alicheka. Akaja mbele, akasema akinielekea, bila kupunguza sauti: "Madamu, unabaki. Lakini mwakani utaingia chuo cha ualimu, masomo ya jioni. Sitaki inspekta aniulize umesomea wapi ualimu, na mimi niseme sijui." Nilikubali kabla hajamaliza.

Sasa nimeingia. Nataka siku moja chumba cha nyuma ya ofisi ya shule kiwe maabara, kiwe na meza, rafu na bomba la maji, na kila nifundishacho watoto wakiguse. Njiani kwenda chuoni huwa natembea kama mtu anayechelewa, hata nikiwa nimewahi. Jioni ya kwanza mhadhiri alijaza ubao kwa milinganyo, watu wazima wakanakili, wengi wao walimu kama mimi. Niliinua mkono, nikauliza kama tunaweza kuyaona hayo kwa macho. Vichwa viligeuka. Mhadhiri alifikiri kidogo, akaweka chaki chini, akaenda kutafuta ufunguo wa maabara.